Mwalimu Aliyeiamini Damu ya Kwao

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ukoo wake ulitokea bonde gani. Habari za ukoo huo alizihubiri mwenyewe miaka yote, darasani, kilabuni, msibani na nje ya kanisa, hata leo mtu akinitajia ukoo ule nasikia usingizi. Nitamwita Mwalimu, kama tulivyomwita mtaani kwetu Iringa, na nitamsema vibaya. Anayetaka sifa zake awaulize waliomsikiliza wakiwa wamelewa. Mimi nilimsikiliza nikiwa na akili zangu, na nilimwona mkewe akifa kwa jambo ambalo Mwalimu alilijua kuliko sisi sote darasani, akakataa kulijua nyumbani kwake.

Alitufundisha Bayolojia sekondari, na nyumba yake ilitazamana na yetu, kwa hiyo nilimpata mara mbili kwa siku. Alikuwa mrefu, suruali imenyooshwa hadi mstari wake unaonekana kutoka barabarani, na mdomo wa chini umetuna daima. Wageni walidhani amenuna. Hakuwa amenuna. Ulikuwa ugoro.

Ugoro kwetu haumshangazi mtu. Ni tumbaku iliyosagwa, ikachanganywa na magadi, watu wakaiweka kati ya mdomo wa chini na fizi na kuiacha humo saa nzima. Wazee wengi wanabwia, na akina mama pia, kimyakimya. Mwalimu hakubwia kimyakimya. Yeye alibwia kwa hoja. Tumbaku yake iliagizwa kutoka Chunya kupitia kwa jamaa yake aliyekuwa akichimba dhahabu Makongolosi, kwa sababu ya sokoni, alisema, imechakachuliwa. Aliisaga mwenyewe, akaitia katika kikopo cha dawa ya viatu kilichooshwa vizuri, na kila alipokifungua alitazama huku na huku kuona kama yupo mtu wa kumwelimisha.

"Mimi nabwia kisayansi," alikuwa akisema. "Wengine wasiniige. Kwetu damu inachuja."

Maneno hayo, damu inachuja, niliyasikia kabla sijajua kusoma. Ushahidi wake ulikuwa baba yake. Mzee huyo alibwia tangu ujanani, alikunywa ulanzi, pombe ya mianzi, kila msimu wake, na uzeeni kabisa alikuwa bado anavunja karanga kwa meno yake. Mwalimu alimtaja mzee yule kama mawakili wanavyotaja kifungu cha sheria. Ukimwambia fulani alikufa na kidonda cha kinywa, alikuuliza, "Wa ukoo gani?" Ukishamtajia ukoo, alitikisa kichwa kwa huruma, kana kwamba marehemu alikosea kuchagua wazazi.

Kulikuwa na somo la urithi ambalo alilingojea mwaka mzima. Alichora ubaoni mti wa ukoo, miraba kwa wanaume na duara kwa wanawake, na badala ya kutumia mfano wa kitabuni alichora wa kwao. Ubao ulijaa miraba. Babu, baba, baba wakubwa, baba wadogo, yeye mwenyewe.

"Hawa wote walibwia," alisema akigonga ubao. "Hawa wote walikunywa. Nani kati yao amekufa kwa saratani ya kinywa?"

"Hakuna, Mwalimu," darasa zima likaitika.

Nilinyoosha mkono nikauliza upande wa mama yake uko wapi. Alinitazama kama niliyeuliza choo kiko wapi katikati ya ibada. "Upande wa mama ni wa wajomba," akasema. "Hapa tunachora ukoo. Kaa." Wiki iliyofuata alitupa jaribio, na kwenye swali la tatu alinikata alama kwa kusahau kwamba mtoto hupokea nusu ya urithi wake kwa mama. Aliandika kwa wino mwekundu: *Uzembe.*

Huyo ndiye aliyekuwa mtu wetu. Watoro waliokamatwa na sigara nyuma ya bweni aliwachapa yeye, na aliwachapa akiwa na ugoro mdomoni, hivyo kila baada ya fimbo mbili ilimbidi asimame, aende dirishani, ateme, arudi. Wavulana walijifunza kupumua wakati huo. Hakuna mwalimu mwenzake aliyethubutu kumwambia kitu. Aliwapita wote kwa maneno, na mkuu wa shule alimwogopa waziwazi.

Kanisani vilevile. Jumapili moja mchungaji alihubiri juu ya ubavu wa Adamu. Mwalimu alimngoja mlangoni, watu wakipeana mikono, akamweleza kwa sauti ya kusikika hadi kwa kwaya kwamba mwanamume na mwanamke wana mbavu sawa kwa hesabu, na kwamba akitaka anaweza kumhesabia. Mchungaji, mtu mpole wa Kilolo, alicheka akamshukuru. Mwalimu aliitumia shukrani hiyo kwa mwaka mzima. Tena huyohuyo, kila alipotoka Dar, basi likisimama Ruaha Mbuyuni alinunua vitunguu na kutafuna kimoja kibichi njia nzima, ili mchungaji asisikie harufu ya ugoro wala ya pombe kali. Alisema kitunguu kinaua vijidudu vyote vya kinywa. Abiria waliokaa naye wangeweza kutoa ushahidi juu ya kilichokuwa kinauawa.

Jambo linalonikera zaidi ni kwamba hakuwa mjinga. Alikuwa na shamba la viazi mviringo huko Kilolo, na kwa viazi hakuwa na mchezo. Alichagua mbegu mojamoja, akizigeuza juani. Halafu shamba lenyewe alilichunguza kama mkwe anavyochunguzwa. Kama mwaka uliopita lilikuwa na mnyauko hakupanda hata kama mbegu ilikuwa bora namna gani. Wakulima wenzake walimwuliza mbona anaogopa wakati mbegu yake ni safi. "Mbegu safi ukiizika kwenye udongo wenye ugonjwa umeizika tu," aliwajibu. "Na udongo safi ukipewa mbegu mbovu nao haukusaidii. Vinakwenda pamoja." Nilikuwepo, nilimsikia. Mtu aliyeweza kusema hivyo juu ya kiazi alishindwa kusema hivyo juu ya mdomo wake.

Maana ukweli ndio huohuo wa viazi, nami nausema karibu kila asubuhi sasa, kwa kuwa nimekuwa tabibu wa meno katika kituo kimoja cha afya Mbeya. Watu hatukuumbwa sawa. Kuna ambao miili yao huivunja sumu ya tumbaku upesi na kuitoa. Kuna ambao miili yao huichelewesha, au huigeuza ikawa kali zaidi kabla haijatoka. Kuna ambao chembe zao zikiharibika hujikarabati vizuri, na wengine ukarabati wao ni wa ovyo. Tofauti hizo tunarithi, kwa baba na kwa mama, na hakuna anayezisoma usoni kwa mtu. Juu yake weka tumbaku kila siku, weka na pombe, ambayo huifungulia tumbaku mlango, na unakuwa umemwongezea hatari hata yule mwenye bahati. Aliyerithi bahati hakurithi kinga. Mzee mmoja aliyevunja karanga uzeeni hathibitishi kitu, kwa kuwa wale waliokufa mapema hawakuwepo kuulizwa kama nao wanaweza kuvunja karanga.

Niseme na hili, ingawa linaniudhi. Haya ninayoyajua, msingi wake aliniwekea yeye. Nilipokaribia mtihani wa mwisho alivuka barabara kila jioni kwa majuma matatu, akaketi kwenye kigoda cha mama yangu, akanifundisha urithi mpaka ukaniingia. Hakuomba kitu. Nilifaulu kwa sababu yake. Kama angekuwa mtu mbaya tu, ningeshamsahau.

Sasa mkewe. Tulimwita Mama, mtaa mzima, na yeye alituita wanangu, mtaa mzima. Alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mnene wa mwili na mwepesi wa kucheka, na alipokushukuru alisema "ndaga" hata kama wewe ni Mhehe na hujui ajibiwe nini. Hakuja kwenye nyumba ile akibwia. Jino lilimsumbua akiwa na mtoto mchanga, naye Mwalimu, badala ya kumpeleka hospitali, alimtilia ugoro kwenye jino kwa kidole chake mwenyewe. Jino likatulia. Ugoro ukabaki. Aliubwia jikoni, kwa aibu, akigeukia ukutani, na mumewe alimtania kwa hilo mbele ya wageni. "Huyu nimemfundisha mimi," alisema, akijipiga kifua. Alikuwa anaona fahari.

Nilikuwa nimekwenda nyumbani kwa Krismasi. Mama aliniita jikoni nikamsaidie kumenya ndizi, na tulipokuwa peke yetu alivuta mdomo wa chini kwa vidole viwili. "Hebu tazama, dokta wangu. Hakiumi, ila hakiondoki."

Kilikuwa kidonda kidogo, kama punje ya hindi, kingo zake ngumu, na ngozi ya ndani kukizunguka imekuwa nyeupe. Nilimwuliza kina muda gani. Alisema tangu wakati wa kupanda. Nikahesabu kwa vidole. Kidonda cha kinywa kisichopona kwa majuma mawili kinatakiwa kuonwa, na hiki kilikuwa na zaidi ya mwezi. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia Jumatatu twende pamoja Mbeya, wamkate kinyama kidogo wakipime, na kwamba kikiwa kile ninachokiogopa, kukitoa mapema ni kazi ndogo.

"Basi nitafunga nguo," alisema.

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alisikia kuanzia wapi. "Nani anafunga nguo?"

Nilieleza. Nilieleza vibaya, kwa kigugumizi, kama nimeitwa ubaoni. Alinisikiliza akitabasamu, mdomo umetuna.

"Binti, ugoro umemuunguza tu, magadi yalizidi. Apumzishe siku mbili. Hiyo saratani unayoisema kwetu haipo. Nilikufundisha, au umesahau?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa jibu la mtoto wa kidato cha pili: Mama si wa kwenu, Mwalimu, ni wa Tukuyu, damu yako hata ingekuwa inachuja ingekuchujia wewe. Lilifika kooni. Nilikuwa tabibu mwenye cheti na koti jeupe, nikalimeza kwa sababu aliyesimama mlangoni aliwahi kunichapa. Mama alimtazama mumewe, akanitazama mimi, akacheka ili kutuondolea aibu.

"Kwetu haipo," akasema, akirudia maneno ya mumewe. "Miaka yote hii na mimi si nimeshakuwa wa kwao?"

Akarudi kwenye ndizi. Jumatatu nilipanda basi peke yangu. Nimemdharau Mwalimu kwa mambo mengi, lakini siku ile tulikuwa wawili jikoni wa kudharauliwa.

Mama alipokuja Mbeya, aliletwa na binti yake anayeishi Mbalizi, ambaye alimfuata Iringa bila kumwuliza baba yake. Ilikuwa baada ya mavuno. Taya lilikuwa limevimba, na shingoni palikuwa na uvimbe mgumu usiosogea. Nilimpeleka kwa wakubwa zangu, wakampeleka kwa wakubwa zao. Mama alikuwa anawatania wauguzi kwa kuandika kwenye daftari, maana kusema kulikuwa kumeshakuwa kazi. Kwenye ukurasa mmoja aliniandikia, *Usimseme Mwalimu.* Hakumaliza mwaka.

Msibani Mwalimu alikaa kwenye kiti cha mbele na kupokea pole. Mtu akimwuliza ilikuwaje, alijibu kwa utulivu wa kitaalamu. "Damu ya kwao Tukuyu ilikuwa dhaifu. Mimi nabwia tangu lini? Sina kitu. Ni urithi." Aliyasema hayo jeneza likiwa sebuleni, ndugu wa Mama wamekaa mkekani, wamesafiri usiku kucha. Binti yake alikuwa anagawa chai. Aliweka sinia chini, akatoka nje, na kutoka siku ile hakumsemesha baba yake tena.

Kulikuwa na bibi mmoja kikongwe kutoka Kilolo, mdogo wa mama yake Mwalimu. Alikuwa ameingia kumuaga marehemu, akatoka akikokota miguu, akaja kukaa karibu nasi, karibu na Mwalimu pia.

"Mdomo kama huo nimeuzika mara mbili," alisema, kama mtu anayezungumzia mvua. "Kaka zangu wote wawili walikwenda hivyohivyo. Mdomo, taya, halafu shingo."

Nilimwuliza ni kaka gani.

"Si wajomba zake huyu? Watu walisema wamerogwa kwa sababu ya kinyungu, lile shamba la bondeni. Lakini walikuwa wabwiaji hao, we mwanangu. Walikuwa wabwiaji."

Watu wote wa karibu walimgeukia Mwalimu. Niliona ameshaelewa, kwa sababu alikuwa mwerevu na somo lilikuwa lake. Wajomba wawili wa tumbo moja na mama yake. Nusu ya mraba wake ubaoni. Mtu mwenye sababu ya kuogopa kuliko wote katika nyumba ile alikuwa yeye, na aliyekufa alikuwa mwanamke ambaye kwao, kwa kadiri ndugu zake walivyojua, hakuna aliyewahi kuugua kinywa. Ugoro haukuuliza ukoo.

"Wale ni wajomba, mama mdogo," Mwalimu alisema. "Si ukoo."

"Haya, Mwalimu," kikongwe akasema, akaomba chai.

Nilidhani Mwalimu sitamwona tena. Mwaka huu, mvua zikiwa zimekwisha na baridi ya Mbeya imeanza kuuma, nilitoka kuita mgonjwa nikamkuta kwenye benchi kati ya mama mwenye mtoto na kijana wa bodaboda aliyevunjika jino. Suruali bado ina mstari. Nilimwamkia, akaitika, akaingia chumbani akitazama kuta.

"Sijaja kutibiwa," alisema kabla hajakaa. "Nimekuja kwa habari ya mwanangu. Hapokei simu zangu. Wewe anakusikiliza. Mweleze kitaalamu kwamba mama yake alikuwa na udhaifu wa kurithi, hakuna wa kulaumiwa. Wewe ni mtaalamu."

Alisema herufi za p na b kwa shida. Nilivaa glovu.

"Fungua mdomo, Mwalimu."

"Nimekwambia sijaja..."

"Fungua."

Akafungua. Ndani ya mdomo wa chini, mahali hasa ugoro unapokaa, ngozi ilikuwa nyeupe na ya kukunjana, na katikati yake kidonda. Nilikigusa. Kingo zilikuwa ngumu. Nilimwuliza kina muda gani.

"Tangu Kwaresima."

Kwa hiyo alikuwa anajua. Ningependa kusema nilimhurumia. Kwanza nilifurahi, kwa muda wa pumzi moja hivi, na baadaye nikaona haya kwa kufurahi. Nilimwambia hali ilivyo: kwamba huenda si saratani, kwamba kukisia si kazi yangu wala yake, kwamba watakata kinyama wapime wiki hiihii, na kwamba ugoro na pombe vinaishia leo. Aliitikia kwa kichwa kila neno. Kikopo alikitoa mfukoni bila kuombwa, akakiweka mezani.

Nilianza kujaza fomu ya rufaa. Ina mstari wa magonjwa ya ukoo, na chini yake mstari wa mazoea ya mgonjwa. Kwenye ule wa juu niliandika: wajomba wawili, upande wa mama. Sikumwuliza. Aliyasoma maandishi yakiwa kichwa chini kwake, kama walimu wanavyoweza, na hakupinga.

"Mke wangu hujamwandika," akasema.

"Huu ni mstari wa damu, Mwalimu. Mke si damu yako."

"Najua."

"Basi nimwandike wapi?"

Mtoto akalia nje kwenye benchi. Halafu akanyoosha kidole, akakiweka kwenye mstari wa chini, ule wa tumbaku na pombe. Hapo ndipo nilipotaka afike miaka yote, na alipofika sikuona la kushangilia. Mama alikuwa ameshazikwa.

Nikachukua simu yangu, nikatafuta jina la binti yake, nikaweka spika na kuisogeza mbele yake.

"Mweleze wewe," alisema. "Wewe ni..."

"Mimi nilishanyamaza mara moja kwa ajili ya heshima yako. Sema mwenyewe."

Iliita mara tatu. "Abee, dada," binti akapokea.

Mwalimu aliinamia simu. "Ni mimi, baba yako. Usikate." Hakukata. "Mama yako alitaka kwenda hospitali siku ile. Alikuwa anafunga nguo. Mimi ndiye niliyemzuia."

Nilisikia redio mahali alipokuwa, kisha ikazimwa.

"Na wewe, baba," akauliza polepole, "umeshapimwa?"

Niliwahi kumsikia mtu huyu akijibu maswali ya wachungaji, ya wakaguzi wa shule, ya walevi na ya watoto, na hakuwahi hata mara moja kukosa jibu la kututambia.

"Bado," akasema. "Naogopa, mwanangu."

Nikamsogezea kalamu aweke sahihi.